MIZANI YA SAUTI: NASAHA KWA WANAOREKODI KASWIDA MAJUMBANI

(Maandishi ya mawaidha yaliyotolewa baada ya sala ya Ishaa kwa walimu wa madrasa, wazazi na vijana wa kaswida)

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zinamstahiki Yeye (S.W.) aliyemuumba mwanadamu na akampa ulimi wa kubainisha yaliyo moyoni mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, sahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi siku ya malipo. Amma baad.



Mada ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mmezoea kutusikia tukizungumzia sala, zaka, malezi na mirathi. Leo tunataka kuzungumzia kuchanganya sauti, yaani ile kazi ya kuziunganisha sauti za waimbaji na vile vinavyosikika nyuma yao, iwe ni dufu, ni sauti za wenzao, au ni kile ambacho vijana hukiita biti. Kazi hii zamani ilifanywa na mafundi katika studio. Leo hufanywa majumbani mwetu, chumbani, usiku, na kijana wa miaka kumi na saba mwenye kompyuta ndogo au simu ya mkononi. Kinachotoka humo husikilizwa na watoto wetu zaidi ya wanavyotusikiliza sisi walimu wao. Hivyo basi, lau tutanyamaza juu ya jambo hili, tutakuwa tumeiacha sehemu kubwa ya mafunzo ya watoto mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemfundisha amana aliyoibeba.

Neno tutakalolishikilia usiku wa leo ni moja: mwenye kuchanganya sauti ameshika mizani. Kama vile muuza mchele anavyoweza kumpunja mnunuzi kwa kidole kimoja tu, ndivyo mchanganyaji anavyoweza kulipunja neno kwa kidole kimoja. Na neno likishapunjwa, kaswida haifundishi tena.

MIZANI HII ILITOKA WAPI

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, India, akarekodi sahani za santuri. Hatumtaji kwa kuisifu taarabu, bali kwa kuwa wengi wenu mnamjua na historia yake ni ya pwani yetu. Katika zama zile mwimbaji na wapigaji walirekodiwa wote pamoja, kwa mara moja. Mizani ya sauti ilipangwa kwa miguu: mwenye kutakiwa asikike alisogezwa karibu na maikrofoni, na mwenye ala yenye kelele alirudishwa nyuma. Sahani ikishakatwa, hapakuwa na mtu wa kuweza kuipunguza ala wala kuiongeza sauti.

Baadaye wakatokea watu waliojifunza kurekodi tabaka juu ya tabaka. Mmarekani Les Paul alifanya hivyo katika gereji ya nyumbani kwake, na mwaka 1948 ikatoka sahani ambayo ndani yake mtu mmoja anasikika kama kundi zima. Mwaka 1979 kampuni ya Kijapani ya TEAC ilitoa mashine ya Portastudio, iliyoweza kurekodi mistari minne ya sauti katika kaseti ya kawaida, kila mstari peke yake, na mtu akaweza kuichanganya mezani kwake. Mwaka 2000 ikatolewa programu ya Audacity, ambayo yeyote mwenye kompyuta huipata bila malipo. Tangu hapo mizani imehama: imetoka kwa fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi, imekuja kwa kijana wetu. Hilo si jambo baya. Ni neema, na kila neema ina haki yake.

KITU GANI KIWE NYUMA YA SAUTI

Mtatuuliza: je, kuna ruhusa ya kuweka kitu chochote nyuma ya kaswida? Hatukukaa hapa leo kuifunga ikhtilafu ambayo wanazuoni hawakuifunga. Jumhuri ya mafaqihi wa madhehebu manne wamezikataza ala za nyuzi na za kupulizwa, na miongoni mwa wanayoyatolea hoja ni hadithi ya maazif iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Ibn Hazm wa Andalusia aliiona sanadi yake imekatika, akaruhusu. Ama dufu, asili yake imethibiti katika habari ya vijakazi wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Mama yetu Aisha (R.A.), habari iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Msimamo tunaoufuata katika madrasa zetu ni wa jumhuri: vinanda, nyuzi na zumari tunaviacha, na dufu tunalitumia mahali pake.

Wenzetu katika nchi za Kiarabu wamezoea kuitoa nashidi moja kwa sura mbili, moja ikiwa na iiqaa, yaani mapigo, na nyingine bila ya iiqaa, ili kila msikilizaji achukue kile ambacho moyo wake umekitulizia. Hata Sami Yusuf wa Uingereza, albamu yake ya My Ummah ya mwaka 2005 ilitolewa kwa sura mbili, ya ala na ya mapigo peke yake. Tunawausia vijana wetu waige adabu hiyo ya kumpa msikilizaji nafasi ya kuchagua. Kwa anayerekodi mistari mbalimbali jambo hili ni jepesi mno: ni kuzima mstari mmoja na kuhifadhi tena.

Ipo pia njia ya tatu, nayo ni kuzifanya sauti za watu wenyewe ziwe ndiyo nyuma. Waarabu huziita muaththirat bashariyya. Njia hii tunaipenda, ila tunaiwekea tahadhari moja. Kijana akiichukua sauti ya mwenzake, akaikatakata na kuigeuza kwa programu mpaka msikilizaji asiweze kuitofautisha na kinanda, basi asijifiche nyuma ya jina. Mwenye kukiacha kinanda kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hana haja ya kukitengeneza kwa koo la mtu.

Ama Qur'ani Tukufu, hiyo haina nyuma. Mwaka 1961 huko Misri, Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary alipokamilisha msahafu wote kwa sauti katika riwaya ya Hafs, kilichorekodiwa kilikuwa ni kisomo peke yake, na umma ukanufaika nacho hadi leo. Asitokee mtu akaweka mapigo, wala mvumo, wala ule mwangwi unaolirudia neno mara ya pili na ya tatu baada ya msomaji kunyamaza. Na hali kadhalika adhana.

"HA" MOJA ILIYOPOTEA

Sasa tuingie katika kiini cha nasaha yetu. Tuliwahi kuhudhuria mahafali ya madrasa moja, ikapigwa katika vipaza sauti kaswida waliyoirekodi watoto wenyewe nyumbani kwa mmoja wao. Sauti zilikuwa nzuri, na dufu lilikuwa na nguvu. Mzee mmoja aliyeketi kando yetu akatuinamia akauliza: "Maalim, mbona watoto wanasema wataacha sala?"

Watoto, kwa hakika, walikuwa wakisema: "Hatutaacha sala." Lakini pigo kubwa la dufu lilikuwa likiangukia mwanzo wa kila mshororo, pale pale ilipo ile "ha". Dufu likaimeza "ha", na masikioni mwa mzee ikabaki "tutaacha". Kaswida iliyotungwa kuamrisha sala ikawa inaahidi kuiacha, mbele ya wazazi mia na zaidi, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekosea.

Ndugu zetu, zingatieni jinsi lugha yetu ilivyojengwa. Kukanusha kwake kumewekwa katika silabi ndogo ya mwanzo. "Tutamshirikisha" na "hatutamshirikisha" zimetenganishwa na pumzi tu, kwani herufi "h" si chochote ila pumzi. Ni miongoni mwa herufi dhaifu kabisa katika sauti ya mwanadamu. Na baina ya maneno hayo mawili kuna tofauti ya imani na kufuru! Je, inafaa jambo hilo liachwe kwenye huruma ya dufu?

Tufahamu sababu yake. Sikio la mtu mwenye afya husikia kuanzia mitetemo 20 hivi kwa sekunde hadi kiasi cha 20,000. Irabu zina nguvu, nazo hukaa katika sehemu ya chini na ya kati. Lakini herufi kama s, sh, f na th hubebwa na sauti nyembamba za juu, zenye maelfu ya mitetemo kwa sekunde, tena kwa nguvu ndogo. Ndiyo maana katika simu za zamani, ambazo zilipitisha mitetemo 300 hadi 3,400 tu, ilikuwa vigumu kutofautisha "s" na "f", na mtu akalazimika kuitaja herufi kwa mfano. Kinapokuja nyuma ya mwimbaji kitu chenye nguvu katika sehemu ile ile aliyopo yeye, sikio hulishika lenye nguvu na kuliacha dhaifu. Halipokei yote mawili kwa usawa. Na kinachopotea kwanza huwa ni herufi, si lahani. Msikilizaji atatoka akiimba lahani kwa midomo iliyofumba, na hajui kilichosemwa.

Katika maneno ya Kiarabu hatari ni kubwa zaidi. Qalb ni moyo, na kalb ni mbwa, na kila mwanafunzi wa darasa la kwanza la Kiarabu ameonywa juu ya mawili hayo. Tena mapigo yakiwa yamepangwa tayari, humlazimisha mwimbaji kulivuta neno ili lilingane nayo. Mafaqihi wetu, walipozungumzia takbira ya sala, wametahadharisha kuvuta "akbar" ikawa "akbaar", kwa kuwa hilo la pili ni wingi wa neno lenye maana ya ngoma. Tazameni, basi: kijana anayelivuta jina hilo tukufu ili lilingane na ngoma, anaishia kuitaja ngoma yenyewe!

NAMNA YA KUREKODI

Mizani njema huanza kabla ya kuchanganya. Kilichorekodiwa vibaya hakisafishiki kwa programu. Tunausia mambo yafuatayo.

Kwanza, chumba. Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae hurudisha sauti, na mwangwi huo ukishaingia katika rekodi hautoki. Chagueni chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, kwani vitu laini humeza sauti. Zimeni feni. Wenye mapaa ya mabati wasirekodi wakati wa mvua.

Pili, umbali. Maikrofoni iwe kiasi cha shibiri moja kutoka kinywani, na iwekwe kando kidogo ya mkondo wa pumzi, ili "p" na "b" zisiipige kama upepo. Kitambaa chepesi cha soksi ndefu za kike, kikivutwa juu ya duara la waya, kinatosha kuwa kinga.

Tatu, hedifoni. Mwimbaji aisikilize nyuma yake kwa hedifoni, wala isipigwe kwa spika ndani ya chumba kile kile. Ikipigwa kwa spika, itaingia katika maikrofoni pamoja na sauti yake, na mchanganyaji hataweza tena kuipunguza. Atakuwa kama aliyemimina maji na maziwa katika chombo kimoja kisha anataka kuyatenganisha.

Nne, kiasi. Katika kompyuta, kipimo cha juu kabisa ni sifuri, na sauti inayogonga hapo hukatwa vichwa vyake, ikakwaruza. Kasoro hiyo haina tiba. Acheni nafasi, vilele vya sauti visipite desibeli 6 chini ya sifuri. Kuiongeza sauti baadaye ni jambo jepesi.

Tano, kuchelewa. Kompyuta huweza kuichelewesha sauti ya mwimbaji kwa sehemu ndogo ya sekunde. Sehemu ya ishirini ya sekunde mtaiona si kitu. Lakini katika muda huo sauti husafiri kiasi cha mita 17 hewani, yaani ni kama mwimbaji amesimama mita 17 nyuma ya wenzake. Kila mmoja apige kofi moja mwanzoni pamoja na pigo la kwanza, kisha mchanganyaji aisogeze mistari mpaka makofi yalingane.

NAMNA YA KUCHANGANYA

Vijana wengi huanza na dufu au biti, wakaipandisha mpaka iwafurahishe, kisha huitafutia sauti ya mtu mahali pa kupenya. Huo ni utaratibu uliogeuzwa. Anzeni na sauti ya mwimbaji peke yake. Isikilizeni toka mwanzo hadi mwisho mpaka kila herufi ibainike. Kisha ileteni nyuma kutoka kimya, polepole, na msimame mara tu inaposikika kuwa ipo. Mkihisi kwamba sauti inaanza kufunikwa, msikimbilie kuipandisha sauti, kwani mtaipandisha na nyuma mtaipandisha, na mwisho wake ni kelele. Punguzeni kile kinachofunika. Katika programu mna kifaa cha ikwalaiza, ambacho humwezesha mtu kupunguza sehemu moja tu ya sauti. Punguzeni kidogo, katika mstari wa nyuma, sehemu ya mitetemo 2,000 hadi 4,000, maana hapo ndipo herufi nyingi hutambulikana. Dufu halitaharibika, kwa kuwa uzito wake upo chini ya hapo.

Katika mstari wa mwimbaji, kateni mvumo ulio chini ya mitetemo 80 hivi. Humo hamna neno, mna ngurumo za magari na mtikisiko wa meza tu. Kisha itazameni kila "ha", kila "si" na kila "hu" ya kukanusha, mstari kwa mstari. Pigo likiangukia juu yake, lipunguzeni pigo hilo peke yake, au likosogezeni kando kwa kubadilisha mpangilio wa dufu. Kazi hii huchukua usiku mmoja. Mtu huipigia pasi kanzu yake ya Idi kwa uangalifu usiopungua huo.

Kifaa cha kompresa huipunguza tofauti baina ya sauti kubwa na ndogo, nacho husaidia mwisho wa maneno usizame. Kikizidi, huondoa pumzi na hisia, wote wakawa wanapiga kelele toka mwanzo hadi mwisho. Ama mwangwi, vijana wanaupenda kwa kuwa unaipa sauti haiba ya msikiti mkubwa. Utumieni kama chumvi. Katika kaswida ya mwendo wa haraka, mwangwi mrefu hulitupa neno la kwanza juu ya la pili, na yote mawili yakapotea.

Wanaotengeneza nyuma kwa sauti za watu wajue jambo moja: kunakili sauti ya mtu mmoja mara nne hakuleti watu wanne, bali huongeza nguvu ya sauti ile ile. Mwimbaji aimbe upya kila mara, kwa kuwa ni zile tofauti ndogo za kila mara ndizo zinazolifanya sikio lione kundi. Baadhi wawekwe upande wa kulia na baadhi kushoto, na mwenye maneno abaki katikati. Kisha hakikisheni kwa spika moja, maana simu nyingi na honi za misikitini hazina kulia wala kushoto, wala hazitoi sauti nzito.

SAUTI ZA WATOTO NI AMANA

Biti au nyuma iliyotengenezwa tayari ina kimo chake cha sauti. Ikiwa kimo hicho ni cha juu, watoto hunyoosha shingo na kupiga ukelele ili wakifikie. Tumewaona watoto wanaomaliza jioni ya kurekodi wakiwa wamepotelewa na sauti, na asubuhi wanatakiwa kusoma Qur'ani mbele ya mwalimu. Hii ni dhulma. Programu hizi zinaweza kukishusha kimo cha nyuma hatua mbili au tatu bila ya kubadilisha mwendo wake. Kishusheni mpaka mtoto mdogo kuliko wote aimbe bila ya kukaza mishipa ya shingo. Bora zaidi, waimbe kwanza kwa kimo na mwendo wao wenyewe, kisha dufu liwafuate wao.

Tena kuna jambo jipya la zama hizi. Leo zipo programu zinazoweza kuiiga sauti ya mtu kutokana na kipande kifupi tu cha rekodi yake, zikamsemesha asichokisema. Basi sauti ya mtoto isisambazwe bila ya ruhusa ya mzazi wake, na ile rekodi tupu ya sauti yake peke yake ihifadhiwe kama inavyohifadhiwa amana, wala isitumwe ovyo katika makundi ya simu.

UKWELI NA HAKI ZA WATU

Mwaka 1997 ilitoka programu ya Auto-Tune, aliyoibuni Andy Hildebrand, mtu ambaye kabla ya hapo alifanya kazi ya kuchambua mitikisiko ya ardhi katika utafutaji wa mafuta. Hiyo huisogeza sauti iliyokengeuka ikarudi katika kimo chake. Je, ni haramu? Hatuthubutu kuharamisha kila kinachorekebisha. Kumsaidia mtoto aliyeteleza katika silabi moja ni kama mwalimu kumsahihishia hati. Lakini mashindano ya kaswida yanapofanywa kwa rekodi, na mtoto akapewa zawadi ya sauti ambayo si yake, hapo pana ghushi, na mwenye haki amenyimwa. Waandaaji wa mashindano wawasikilize watoto ana kwa ana, bila ya mashine.

Na haki ya pili ni ya mwenye nyuma. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa programu ya Spleeter, inayotenganisha sauti ya mwimbaji na ala katika rekodi iliyokwisha kuchanganywa, na baada yake zimekuja nyingine nyingi. Kijana sasa huchukua nashidi ya mtu, akaiondoa sauti ya mwenyewe, akaweka yake, kisha akaiuza kwa jina la madrasa. Baadhi husema, "Hili ni la dini, halina mwenyewe." La hasha! Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Disemba 1988, ilipitisha azimio kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa na sharia, wenyewe wana mamlaka nazo, na haijuzu kuzivamia. Sheria za nchi zetu nazo zimesema: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Ombeni ruhusa, au pigeni dufu lenu wenyewe. Dufu la jirani mwenye kulipiga kwa ridhaa lina baraka kuliko ala iliyonyakuliwa.

MTIHANI WA MWISHO

Kabla ya kaswida kutoka nyumbani, ipitisheni katika mtihani huu. Masikio ya mchanganyaji hayafai kuwa shahidi, kwa kuwa ameyahifadhi maneno. Hata yakifunikwa, akili yake humjazia. Lazeni kazi usiku mmoja. Asubuhi isikilizeni kwa sauti ndogo, kwa spika ya simu, mkiwa chumba cha pili. Kisha mwiteni bibi au babu wa nyumba ile ambaye hajawahi kuyaona mashairi hayo, mpigieni mara moja tu, na mumwombe akariri alichokisikia, ubeti kwa ubeti. Akisema "tutaacha" mahali pa "hatutaacha", msimwambie kwamba masikio yake yamezeeka. Rudini katika mizani.

Na ninyi wazazi mnaowanunulia vijana vifaa hivi, msiishie kulipa. Keteni nao jioni moja, muulize: neno gani limesemwa hapa? Walimu wa madrasa, kila kaswida iwe na mtu mmoja mwenye ilimu ya lugha atakayeisikiliza kabla haijasambazwa, na awe na uwezo wa kusema: hii bado.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu Mtukufu azitakase nia zetu na ndimi zetu, awahifadhi watoto wetu na sauti zao, awape vijana wetu uadilifu katika kila mizani watakayoishika, ya mchele, ya fedha na ya sauti, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakaatuh.